Gome la Baba kwenye Mkate wa Kurasa

Vuta kigoda ukae upande huu, mwenzangu; huko uliko moshi utakufuata. Nataka kukueleza habari ya mdalasini, na sipendi uisikilize ukiwa na machozi ya moshi, halafu ukaenda kusema mimi ndiye niliyekuliza.

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Makambako na kikopo kidogo cha plastiki. Alikifungua mbele yangu, na kabla sijauliza kitu harufu ikanifikia: tamu, kavu, yenye joto ndani yake, kama ubao uliokaa siku nyingi karibu na moto. "Bibi, hii ni dawa," akasema, akatoa simu, akaanza kunisomea. Mdalasini unashusha sukari. Unasafisha damu. Unayeyusha mafuta ya tumbo. Unarudisha kumbukumbu. Nilimwacha asome mpaka mwisho, maana ana sauti nzuri ya kusoma, lakini kumbukumbu zangu zilikuwa zimesharudi tangu kifuniko kilipofunguka. Nilikuwa jikoni kwa bibi yangu, nina miaka kama minane, vidole vinanata asali, na mkononi nimeshika gome ambalo si mdalasini.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Njombe, hatua chache kutoka barabara ya kwenda Makambako, mahali ambapo ukungu wa asubuhi ulikuwa unaingia mlangoni kama mtu wa nyumbani. Baba yangu alifanya kazi ya kubambua magome ya miwati kwenye shamba la Mzungu mmoja. Nikueleze, kama hukukulia kwetu: mwati ni mti mrefu wenye maua madogo ya njano, na watu hawakuupandia mbao wala kivuli. Waliupandia gome. Mti ukikomaa unakatwa, gome linavuliwa kwa vipande virefu kama mtu anavyovua soksi, linakaushwa, linafungwa mizigo, linaondoka kwa lori. Vipande vibaya baba alivileta nyumbani kufungia kuni. Vikikauka kando ya moto vilijikunja pande zote mbili, vikawa kama vifimbo vya kahawia. Vilikuwa vimetapakaa jikoni kwetu kila mahali, hata hatukuviona tena.

Siku moja nilimuuliza baba magome hayo yanakwenda wapi.

"Ulaya."

"Wanayala?"

Baba alicheka. "Wanatengenezea ngozi. Ngozi ya ng'ombe ukiiacha hivihivi inaoza, siku ya tatu huwezi kukaa nayo nyumba moja. Lakini ukiiloweka kwenye maji ya magome haya, haiozi tena. Inadumu miaka na miaka. Unaviona viatu vya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya? Basi vimelowekwa kwenye magome kama haya ninayobambua mimi."

Aliyasema hayo kwa fahari kidogo, na mimi nikayaweka moyoni. Mtoto hajui ni neno gani kati ya yote anayosikia litakuja kumtumikia. Anayaokota tu.

Mwaka huohuo babu alifariki. Sitakueleza sana habari za msiba, umezika, unajua. Nitakueleza jambo moja tu, kwamba siku ya mazishi nilimuuliza binamu yangu babu atafanya nini kule chini, naye, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka miwili na alijua kila kitu, akaniambia, "Ataoza, kwani wewe ulidhani nini?" Sikumpiga. Nilitamani, lakini sikumpiga, kwa sababu niliona anasema kweli.

Baada ya hapo bibi aliacha kula. Hakutangaza. Alikaa tu jikoni kwenye kigoda chake, amejifunika blanketi la babu, mgongo ameupa mlango, akatazama moto. Mama akimpelekea ugali, anaumega, anauviringa mkononi mpaka unapoa, kisha anaurudisha sahanini. Uji alikuwa anauonja kwa ajili ya adabu, vijiko viwili, halafu anasema, "Ahsante, mkwe wangu, nimeshiba." Mikono yake iliyokuwa inabeba debe la maji bila kuyumba ikawa miembamba, mpaka bangili yake ya shaba ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko akiinua mkono. Ile bangili ndiyo iliyonitisha. Nilikuwa naitazama kila siku nione imefika wapi.

Akina mama wa kanisani walikuja kumwona, wakaimba, wakamwombea, na walipotoka nje nikamsikia mmoja wao akimwambia mama kwa sauti ya chini, "Huyu hatafika msimu wa kupanda." Kama mama angebisha, mimi ningelala vizuri.

Ndipo akaja shangazi Eliza.

Shangazi alikuwa dada yake baba, mpishi katika hoteli moja ya Makambako, pale malori yalipokuwa yanasimama kupumzisha injini na madereva. Mwenye hoteli alikuwa mama mmoja Mgiriki ambaye mumewe alikuwa na malori. Shangazi alishuka barabarani Ijumaa mchana, akaja kwa miguu na kikapu kichwani, na sauti yake ikafika nyumbani kabla yake. Aliingia jikoni akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Kamwene, mama."

"Kamwene," bibi akajibu. Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Umenenepa."

"Ni Wagiriki, mama. Hawajui kupika bila mafuta. Na wewe umekonda. Tungetwangwa kwenye kinu kimoja, tukagawanywa upya sawasawa."

Midomo ya bibi ilicheza kidogo, lakini haikufika mahali pa kuitwa kicheko. Akageukia tena moto. Shangazi alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, na nikaona naye anaitazama bangili.

Usiku ule aliongea na baba na mama, na kesho yake asubuhi akatoa vitu kikapuni kimoja kimoja: unga mweupe wa ngano, samli kwenye kopo, karanga za Wanging'ombe, chupa ya asali, na kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Fundo lile alinipa mimi nilifungue. Ndani mlikuwa na vijiti vitatu vya kahawia.

"Nusa," akasema.

Nilinusa. Nilinusa tena. Mwenzangu, mimi nilikuwa mtoto wa moshi, ukungu na maharage. Nilikuwa sijawahi kunusa kitu kinachokuingia puani kama harufu na kufika kooni kikiwa chakula.

"Mdalasini huo. Unatoka Unguja, Mhindi wa dukani amenipimia. Ni gome la mti. Sasa nisikilize. Mama yule mwenye hoteli alipopata barua kwamba dada yake amefariki kwao, naye alikaa hivi hivi kama bibi yako. Chakula hataki, maneno hataki. Nikampikia mkate ambao yeye mwenyewe alinifundisha, wenye mdalasini. Ulipoanza kunukia alitoka chumbani. Hii harufu inaliamsha tumbo, Raheli. Hii ni dawa."

"Gome la mti? Kama la baba?"

"Gome ni gome," shangazi akajibu bila kugeuka, kwa sababu alikuwa anatafuta chupa tupu ya kusukumia unga. Sikumlaumu baadaye, na wewe usimlaumu. Mpishi anayetafuta chupa hasikilizi swali lote.

Mkate wenyewe shangazi aliuita mkate wa kurasa, na nitakueleza unavyopikwa, maana ukiufuata polepole hautakushinda. Unakanda unga kwa maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo na samli kijiko kimoja, mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio. Unaufunika kwa kitambaa kibichi, unauacha upumzike. Usiuharakishe, unga uliochoka hausukumiki. Kisha unakata madonge madogo, na kila donge unalisukuma kwa chupa mpaka liwe jembamba kama karatasi. Shangazi alikuwa na kipimo chake: anaweka kiganja chini ya ule utando, na kama haoni mistari ya kiganja chake, anaendelea kusukuma. Karanga unazikaanga, unazipepeta maganda, unazitwanga lakini si sana, ziwe chenga zinazosikika menoni. Unatwangia humo mdalasini. Halafu unapanga: ukurasa wa unga, samli ukiipaka kwa unyoya wa kuku, ukurasa mwingine, samli, karanga, ukurasa tena, mpaka sufuria pana ijae kama kitabu kilicholala. Unakata vipande kabla ya kuoka, si baada, kwa sababu ukingoja ukauke utavunjika wote. Makaa chini kidogo, makaa mengi juu ya kifuniko.

Asali unaichemsha pembeni na maji kiasi na kijiti cha mdalasini, unaiacha ipoe. Mkate ukitoka motoni, unaumwagia ile asali iliyopoa, unasikia unalia *shiii*, na usiku kucha mkate unainywa asali ile. Kumbuka tu kwamba kimoja kiwe cha moto na kingine kimepoa. Vyote viwili vikiwa vya moto, unapata uji wa karanga.

Shangazi alitwanga vijiti viwili na karanga. Cha tatu alikitia kwenye asali. Akaionja ile asali kwa ncha ya kijiko, akafumba macho, akasema, "Hapo sawa." Kisha akatoka kwenda kumwomba jirani kifuniko kikubwa, na akaniambia nilinde sufuria isifurike.

Nikabaki na asali, moto, na bibi amenipa mgongo.

Nilikitazama kile kijiti kimoja kikielea. Kilikuwa kidogo sana. Nilimtazama bibi, na bangili yake, na huzuni yake iliyokuwa imejaa jiko lote, nikaona shangazi amefanya hesabu vibaya. Vijiti vitatu kwa ugonjwa mkubwa namna hii? Halafu nikatazama chini, na pale karibu na mafiga, kati ya kuni, palikuwa na vijiti vya kahawia vilivyojikunja pande mbili, vingi, vya bure, vya baba. Dawa ilikuwa kwetu siku zote na hakuna aliyeijua! Na tena hii ya kwetu ilikuwa bora, kwa sababu baba mwenyewe alishaniambia inafanya nini. Inafanya ngozi isioze. Inafanya kitu kidumu miaka na miaka.

Niliokota vipande vinane. Nilivipangusa majivu kwa gauni langu, kwa kuwa nilifundishwa usafi, nikavitumbukiza kwenye asali. Nikavikoroga mpaka maji yakawa mekundu mazito kama chai iliyosahauliwa. Niliposikia sauti ya shangazi uani, nikavichopoa kwa mwiko, nikavitupa motoni, nikakiacha kile kimoja cha kweli. Bibi hakugeuka hata mara moja.

"Asali ya mwaka huu nyeusi," shangazi alisema alipoimimina kwenye mkate. Hakuionja tena. Alikuwa ameshaionja, na zaidi ya hapo, kwetu chakula kilichopikwa kwa ajili ya mzee hakiguswi na mwingine kabla ya mzee mwenyewe. Kwa hiyo mkate ule ulilala usiku kucha ukinywa asali yangu, na mimi nililala nikiwa na furaha niliyoificha kama mtu aliyemnunulia mwenzake zawadi.

Jumapili baada ya ibada alikuja Mzee Zakaria, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye koti jeusi lililopauka mabegani. Alikuwa rafiki wa babu. Tulikusanyika jikoni kwa sababu bibi hakutaka kutoka. Shangazi akaleta sahani. Vipande vilipangwa vikimetameta, harufu ya mdalasini ikajaza jiko, na nakwambia hata baba alimeza mate. Mzee Zakaria akaomba baraka, ombi refu, akamshukuru Mungu kwa mikono iliyoandaa na kwa chakula kitakachomrudishia mama yetu nguvu.

"Mama, karibu," shangazi akasema.

Bibi akatikisa kichwa. "Mpe mgeni."

"Mama, nimekupikia wewe."

"Nimeshiba, mwanangu."

Shangazi alishika sahani kwa mikono miwili, na kidevu chake kikaanza kutetemeka. Alikuwa amesafiri na kikapu kizima kwa ajili ya neno lile moja. Nadhani Mzee Zakaria aliliona hilo, kwa sababu alinyoosha mkono akasema, "Haya. Basi acha mimi nianze. Tazama, mama, nakula mbele yako." Akachukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakitia chote mdomoni.

Kwanza alitabasamu. Ule ulikuwa utamu wa asali. Halafu tabasamu likasimama. Midomo yake ikaanza kujivuta ndani, taratibu, kama mdomo wa mfuko unapovutwa kamba. Mashavu yakaingia. Macho yakatoka. Lakini alikuwa amekiombea chakula kile kwa dakika nyingi mbele ya familia nzima, sasa angekitema vipi? Alitafuna. Alitafuna huku jicho moja linatoa chozi, akasema kwa ulimi uliogoma, "Ni... kitamu... sana."

Bibi alikuwa anamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikuwa amegeuka kabisa, moto ukawa nyuma yake. Alimtazama Mzee Zakaria kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Zakaria, una nini?"

"Sina... kitu."

"Hebu nione hicho."

Akanyoosha mkono mwenyewe. Hakulishwa wala kubembelezwa. Akachukua kipande, akakiuma, akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna. Akakitoa, akakikagua.

"Nani amepika ngozi?"

Shangazi akakipokonya, akaonja, akatema majivuni. Kisha akanigeukia mimi. Sijui alijuaje. Watu wazima wanajua.

"Raheli."

Nikaanza kulia kabla hajauliza. Nilisema yote kwa mkupuo, vipande vinane, kando ya mafiga, nilivifuta majivu, asali ikawa nyekundu. Baba akashika kichwa. "Gome la mwati? Umempa bibi yako gome la mwati?"

"Wewe ulisema haliozeshi!" nikamlilia. "Ulisema ngozi inakaa miaka, kama viatu vya Bwana Shauri! Babu ameoza, na bibi hali chakula, na mimi sitaki bibi aoze. Nataka adumu."

Mama alifunika mdomo kwa kanga. Nilimtazama bibi nikitegemea kiboko au machozi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika chini ya blanketi. Nilidhani ninamuua. Kisha sauti ikatoka, kavu kwanza, kama mlango uliofungwa siku nyingi, halafu ikafunguka, na bibi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo... kwa hiyo mlitaka nivaliwe na Bwana Shauri?" akasema. "Mguu wa kushoto au wa kulia?"

Hapo Mzee Zakaria akapata nafasi yake, akakimbilia nje kutema, na tukamsikia akisukutua kwenye mtungi na kumwomba Mungu msamaha. Baba naye akaanza kucheka. Bibi alinivuta, akaniingiza ndani ya blanketi, nikasikia tumbo lake linatetemeka kwa kicheko shavuni mwangu. Blanketi lilikuwa na harufu ya babu.

"Jamani," akasema alipopata pumzi, "nipeni kitu cha kuondoa huu ukakasi. Ulimi umekuwa kama kiatu kweli."

Mama alikuwa na uji jikoni, ule wa vijiko viwili vya adabu. Akamimina kikombe cha bati. Shangazi akaokota kile kijiti cha mdalasini cha kweli kilichokuwa kwenye asali, akakisuuza haraka, akakorogea uji ule. Bibi akanywa. Akanywa mpaka nikakiona kitako cha kikombe. Akasema ukakasi bado, akapewa cha pili. Baada ya hapo akalamba midomo, akatazama huku na huku, akauliza kama mtu aliyerudi safari, "Hakuna hata maharage nyumba hii?"

Mama alikuwa ameelekea ukutani anajifuta macho.

Jioni ile baba alikaa nje na kipande cha gome la mwati, akakinusa, akakiuma, akatema. "Miaka yote hii nabambua," akasema, "na sikuwahi kuonja."

Shangazi alirudi Makambako Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha alitutumia mdalasini mwingine kwa dereva wa lori. Safari hii bibi alitaka kupika mwenyewe. Aliniketisha, akaniambia nifumbe macho, akaniwekea kipande kimoja cha gome ulimini, kisha kingine. Cha kwanza kilikuwa kitamu, chenye joto lililopanda taratibu mpaka puani. Cha pili kiliukamata ulimi na kuuvuta, mate yakakauka. "Umeona?" akaniuliza. "Sasa haya yote mawili ni magome, yote yana kazi yake, na ya baba yako ndiyo inayotuvisha. Lakini hili la chakula na lile la ngozi hutayachanganya tena maisha yako yote." Sijayachanganya.

Mkate ule wa pili uliliwa ukaisha siku ileile. Mzee Zakaria aliletewa kipande chake, na mlangoni akauliza, "Leo ni mkate au ni kiatu?" Aliendelea kuuliza hivyo kila alipokuja kwetu, hata siku alizokuja kula viazi. Bibi alipanda msimu ule, na misimu mingi baadaye. Bangili ilishuka tena polepole kutoka kwenye kiwiko hadi mahali pake, na siku moja nikagundua nimeacha kuitazama.

Basi mjukuu wangu alipomaliza kusoma, aliniuliza kama ni kweli. Nikamwambia, kama ninavyokwambia wewe: mengine ni kweli kidogo kidogo. Mdalasini unatuliza tumbo lililojaa gesi. Harufu yake inaita mate, na mate yanaita chakula. Unaupa uji utamu wake, ukajikuta sukari umeweka kijiko kimoja badala ya vitatu, na hiyo peke yake ni faida kubwa kwa watu wa umri wetu. Kuhusu kushusha ugonjwa wa sukari, mimi ninao, nilimuuliza nesi wa kliniki. Akanijibu vizuri: "Tumia kama kiungo, bibi, lakini vidonge usiache." Sijaacha. Na mkate wa kurasa nakula kipande kimoja, cha ukubwa wa kidole gumba, siku ya Krismasi.

Jambo jingine nesi alinieleza ni kwamba mdalasini uko wa namna mbili. Ule mwembamba, wenye tabaka nyingi kama barua iliyoviringishwa, unavunjika kwa vidole na ni mpole. Ule mnene, mgumu, wa tabaka moja, ni mkali zaidi, na ukiutumia mwingi kila siku unaweza kulielemea ini. Siku hizi unauzwa umeshasagwa, huwezi kujua ni upi, kwa hiyo weka kidogo, usile kwa vijiko kama wanavyosema kwenye simu. Na ukinunua vijiti, nunua vile unavyoweza kuvivunja mwenyewe.

Lakini nikimkumbuka bibi, sidhani kama ni gome lolote lililomgeuza kutoka kwenye ule moto. Nadhani ni uso wa Mzee Zakaria. Mtu alianza kula mbele yake, akala kweli, kwa shida, bila kuondoka, na bibi akataka kujua mwenzake anapata nini.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa au mfiwa anayekataa chakula, fanya hivi. Chukua kijiti kimoja cha mdalasini, vunja kipande, kionje kwanza kwa ncha ya ulimi. Kikiwa kitamu na chenye joto, kichemshe kwenye uji mwepesi mpaka nyumba inukie. Mimina vikombe viwili. Kaa mahali anapokuona, na uanze wewe kunywa.